Sita Kati ya Kumi: Wapigaji Wakubwa wa Besiboli na Hesabu ya Kushindwa Kwao

Wandugu, leo ninaleta mchezo ambao kwetu hapa karibu hakuna mwenye kuucheza: besiboli. Najua wengine watauliza mara moja: mtu wa agronomi na besiboli, wapi na wapi? Muwe na subira kidogo. Tena haiko mbali vile tunavyofikiri. Majirani zetu wa Uganda wanaucheza, na mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani.

Ninauleta juu ni mchezo wenye kuandika kushindwa kwa mtu, siku kwa siku, kwa zaidi ya miaka mia moja, halafu watu wanaangalia ile hesabu na kusema: huyu alikuwa mkubwa. Mpigaji mzuri wa besiboli anafaulu mara 3 kati ya 10. Kwa lugha yetu ya unif, huyo iko na 6 kwa 20. Baba yake angemwambia arudi kijijini. Mwenye kufaulu mara 4 kati ya 10 kwa msimu mzima, ni kusema 8 kwa 20, anaingia katika vitabu vya historia. Katika ligi mbili kubwa za Marekani, wanasemaka kwamba wa mwisho kufika pale alikuwa Ted Williams wa Boston, mwaka wa 1941. Nitarudi kwa hilo neno "wa mwisho", sababu ndani yake kuna mambo.

Swali ni hili: hawa watu walikuwa na nini? Wengi wanasema macho, mikono, kipaji. Mimi ninaona mambo mawili mengine: walijua mipira ya kuacha, na walikubali kupimwa. Na historia inaongeza jambo la tatu, chungu: ruhusa ya kupimwa haikugawiwa kwa watu wote.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kwa wenye hawaujui mchezo, niseme kwa ufupi. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu kidogo cha udongo. Mbele yake, kwa mita 18,44, kuna kibao cheupe kimelala chini, upana wake sentimita 43. Ule umbali haujabadilika tangu 1893. Pembeni ya kibao anasimama mpigaji na gongo lake la mti. Mrushaji anatafuta kupitisha mpira juu ya kibao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Tuite pale "dirisha", ingawa halionekani. Mpira ukipita ndani ya dirisha na mpigaji akauachilia, au akijaribu kuupiga akaukosa, anaandikiwa kosa. Makosa matatu, anatoka. Akiupiga vizuri, ukaanguka mahali ambapo wapinzani hawawezi kuudaka, na yeye akakimbia akafika kituo cha kwanza salama, ule ni mpigo. Ukivuka uzio kabisa, unaitwa homurani.

Lakini kuna kanuni moja zaidi. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya dirisha na mpigaji akaiacha yote, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, na ile zamu haiingii katika wastani wake. Muishike hiyo kanuni, tutaihitaji mpaka mwisho.

Sasa muone ugumu. Mpira wa mrushaji hodari unapita kilomita 150 kwa saa. Unafika kwenye kibao baada ya karibu sekunde 0,4, muda wa kupepesa jicho. Kuzungusha gongo peke yake kunakula karibu sekunde 0,15. Kinachobaki ni robo ya sekunde hivi, na ndani yake mtu anapaswa kuona mpira, kujua kama umenyooka, unapinda, au unakuja polepole ili kumdanganya, kisha kuamua. Tena mpira ni wa mviringo, kipenyo chake sentimita 7 na kidogo, na gongo nalo ni la mviringo, unene wake hauruhusiwi kupita sentimita 6,6. Ukikosea kwa sentimita moja, mpira unapaa bure au unabingirika chini kama embe lililoanguka.

Hakuna jicho la binadamu lenye kuufuata ule mpira mpaka mwisho. Mita za mwisho zinapita haraka kuliko jicho linavyoweza kugeuka. Kwa hiyo mpigaji anapiga mahali ambapo mpira utakuwa, kwa kusoma bega, mkono na vidole vya mrushaji, na vile mpira unavyozunguka katika mita za kwanza.

Kuna jambo la 2004 lenye kuonyesha hili vizuri. Mwanamke mmoja, Jennie Finch, bingwa wa softiboli, alirusha mbele ya wapigaji wakubwa wa besiboli ya wanaume: Albert Pujols, Mike Piazza na Brian Giles. Softiboli ni ndugu wa besiboli: mpira ni mkubwa zaidi, unarushwa kwa mkono wenye kutokea chini, na umbali ni mita 13 hivi. Finch akawatoa wote watatu. Macho yao yalikuwa yaleyale ya kila siku, na mikono ileile yenye kulipwa mamilioni. Walichokosa ni kumbukumbu ya ule mkono. Hawakuwa wamewahi kuusoma, basi ile robo ya sekunde haikuwasaidia kitu.

Ramani ya vipande 77

Ted Williams alizaliwa San Diego, California, mwaka wa 1918. Mama yake, mwenye asili ya Mexico, alikuwa mtumishi wa Jeshi la Wokovu na alikuwa nje ya nyumba masaa mengi. Mtoto akakulia kwenye uwanja wa mtaa, akipiga mipira mpaka usiku. Mwaka wa 1939 aliingia Boston Red Sox, na hadithi zikaanza: eti ana macho ya kusoma maandishi juu ya sahani ya muziki ikiwa inazunguka. Ni kweli kwamba macho yake, yalipopimwa jeshini, yalikuwa makali kuliko ya watu wa kawaida. Lakini yeye mwenyewe aliikataa ile sifa. Alisema ni mazoezi, na kutumia kichwa.

Alionyesha kile kichwa katika kitabu chake The Science of Hitting, alichoandika pamoja na mwandishi wa habari John Underwood mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake kuna picha yenye kujulikana sana. Williams amesimama na gongo, na mbele yake lile dirisha limejazwa mipira: 7 kwa upana, 11 kwa urefu, jumla 77. Juu ya kila mpira kuna namba, ni kusema wastani ambao alifikiri angeupata kama angepiga mipira ya mahali pale tu. Katikati, 0,400. Kona ya chini, upande wa mbali naye, 0,230. Mtu ni mmoja na gongo ni moja, lakini kona ile inamfanya kuwa mchezaji wa kawaida kabisa.

Mtu wa agronomi akiona ile picha, hana haja ya kufasiriwa. Mkulima akikuambia "shamba langu linatoa kilo 800 za maharagi kwa hekta", bado hajakuambia kitu. Ule ni wastani. Kuna bega la mlima ambapo mvua imeshusha udongo wote. Kuna upande wa bondeni wenye unyevu. Kuna pembe ya karibu na mikaratusi ambapo hakuna kinachoota vizuri. Ukigawa shamba vipande vipande na kupima mavuno ya kila kimoja, njo unaanza kujua mahali pa kuweka mbegu yako nzuri na mahali pa kuwaachia mbuzi. Williams alilifanya dirisha lake kuwa shamba la majaribio. Na cha maana zaidi, aliandika na vipande vibaya. Watu wengi tungeandika katikati tu.

Kanuni yake ya kwanza aliipata mwaka wa 1938, akiwa bado kijana katika timu ya Minneapolis, ligi ya chini. Aliyempa ni Rogers Hornsby, mtu aliyekuwa amefika 0,424 mwaka wa 1924. Kanuni ni fupi: ngoja mpira mzuri wa kupiga. Inaonekana rahisi mpaka ukumbuke ile robo ya sekunde. Mwili umekwisha kukazwa, watu elfu ishirini wanapiga kelele, na wewe unapaswa kuachilia mpira wenye kufanana na mzuri, juu umekosa dirisha kwa sentimita tatu.

Williams alifasiri sababu kwa hesabu. Ukikubali kupiga mipira yenye kupita sentimita 5 nje ya dirisha, pande zote nne, umelipanua lile dirisha kwa karibu theluthi moja. Umempa mrushaji theluthi ya shamba lako, bila yeye kuomba. Kwa hiyo katika msimu wa 1941 Williams alipewa kituo cha bure zaidi ya mara 140, na alitolewa kwa makosa matatu mara 27 tu. Tunapoona picha zake tunamuona akipiga, lakini sehemu kubwa ya ile kazi ilikuwa kuacha.

Tarehe 28 Septemba 1941

Siku ya mwisho ya ule msimu, Boston walikuwa Philadelphia kwa michezo miwili siku moja. Asubuhi ile Williams alikuwa na mipigo 179 katika zamu 448. Mtu achukue mashine ya kuhesabia: ni 0,39955. Kwa desturi ya besiboli namba inaandikwa kwa tarakimu tatu, kwa hiyo ingeandikwa 0,400. Kocha wake, Joe Cronin, alimpa ruhusa ya kukaa nje. Namba ilikuwa tayari. Angekaa, angeandikwa.

Alicheza. Mchezo wa kwanza, mipigo 4 katika zamu 5. Angeweza kukaa pale, hakukaa. Mchezo wa pili, mipigo 2 katika zamu 3. Jumla ya msimu, 185 kwa 456: 0,406. Na kumbuka, mwaka ule hata zawadi ya mchezaji bora wa ligi haikumfikia. Ilienda kwa Joe DiMaggio wa New York, aliyekuwa amepata mpigo katika michezo 56 mfululizo.

Wengi wanaisimulia ile siku kama hadithi ya ushujaa. Mimi ninaisoma kama hadithi ya uaminifu kwa namba. Sisi wenye kupita iniversite tunajua kuna pointi zenye kupimwa na kuna pointi zenye kupangwa, na tunajua kwamba kwenye karatasi zinafanana. Ile 0,400 ya kuzungushwa ingekuwa halali kwa kanuni. Lakini Williams alikuwa ameishi kwa kuamini namba zake, hata zile za kona mbaya. Namba aliyoipata kwa kukaa kwenye benchi ingemfundisha nini?

Nisimfanye malaika. Mwaka wa 1946 Lou Boudreau wa Cleveland aliona kwamba Williams anapenda kupiga upande wa kulia wa uwanja, akawahamisha karibu wachezaji wake wote upande ule. Williams angeweza kuanza kupiga kushoto kulikobaki wazi. Mara nyingi alikataa, akaendelea kupiga kwenye ule ukuta wa watu, na wakosoaji walimwambia ni ubishi. Aligombana na waandishi wa habari na hata na mashabiki wake. Lakini kazi aliishika. Vita vilimnyang'anya misimu mitatu mizima, 1943 mpaka 1945, halafu sehemu kubwa ya 1952 na 1953. Kule Korea aliruka mara 39 kama rubani wa kivita, na Februari 1953 ndege yake ilipigwa, akaishusha kwa tumbo ikiwa inawaka moto. Alirudi, na mwaka wa 1957, ule aliotimiza miaka 39, wastani wake ulikuwa 0,388. Alimaliza na 0,344 kwa maisha yote ya uchezaji, na homurani 521.

Kamera ya Tony Gwynn

Ile njia ya kujisoma haikufa naye. Mwaka wa 1983 kijana wa timu ya San Diego, Tony Gwynn, alikuwa anapiga vibaya. Aliomba mke wake amrekodie zamu zake kwenye video. Leo kila timu ina chumba cha video, lakini wakati ule ilionekana kama kichekesho, mchezaji kubeba mashine na kanda hoteli kwa hoteli. Gwynn aliangalia zamu zake moja moja: mguu ulianza lini, mkono ulikuwa wapi, mpira gani aliufuata bila sababu.

Hesabu yake? Misimu 20, mipigo 3 141, wastani 0,338, mara 8 wa kwanza katika ligi yake. Na jambo lenye kunishangaza zaidi: katika ile misimu 20 yote alitolewa kwa makosa matatu mara 434 tu. Siku hizi kuna wapigaji wenye kufika 200 kwa msimu mmoja. Mwaka wa 1994 alikuwa kwenye 0,394 wakati mgomo wa wachezaji uliposimamisha msimu mwezi wa nane. Tena mwaka wa 1999, Boston walipomheshimu mzee Williams uwanjani, aliyekuwa anatembea kwa shida, mtu aliyesimama pembeni akimshika ili arushe mpira wa kwanza alikuwa Gwynn.

Tundu la kofia la Hank Aaron

Mpaka hapa nimesema juu ya kichwa chenye utulivu. Lakini utulivu ni rahisi kama hakuna mtu mwenye kutaka kukuua. Henry Aaron alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka wa 1934, mtoto mweusi katika jimbo la ubaguzi. Alijifunza kupiga peke yake, na mikono imepishana kinyume kwenye gongo, mpaka alipokaribia utu uzima. Mwaka wa 1952 alicheza na Indianapolis Clowns, timu ya ligi za Weusi, na mwaka wa 1954 akaingia Braves, wakati ule wakiwa Milwaukee.

Aaron alikuwa na desturi moja. Akiwa anangoja zamu, alifunika uso kwa kofia yake na kumwangalia mrushaji kupitia kile kitundu kidogo cha hewa. Uwanja wote unapotea, kunabaki mkono wa mrushaji tu. Ni njia ya maskini ya kuwa na darubini.

Ile desturi ilimfaa. Mwishoni mwa 1973 alikuwa na homurani 713, moja nyuma ya rekodi ya Babe Ruth, mzungu aliyependwa kupita wote. Barua zilimfikia kwa mamia ya maelfu. Nyingi zilimtia moyo, lakini nyingi vilevile zilikuwa za matusi na za kumtishia kifo, yeye na watoto wake, juu mtu mweusi anataka kuvunja rekodi ya Ruth. Alitembea na mlinzi. Alingoja miezi yote ya baridi hivyo, namba mkononi, hajui kama atafika msimu mwingine akiwa hai. Tarehe 4 Aprili 1974, Cincinnati, gongo lake la kwanza la msimu: 714. Tarehe 8 Aprili, Atlanta, mpira wa Al Downing: 715. Alimaliza na 755. Ukizitoa zote 755 kwenye mipigo yake 3 771, bado anabaki na zaidi ya 3 000, namba ambayo wachezaji wengi wakubwa hawakuifikia na homurani zao zote ndani. Zile barua mbaya hakuzichoma. Alizitunza.

Daftari lililobaki nje

Sasa nirudi kwa "wa mwisho". Kwa zaidi ya miaka 80 wameandika kwamba mtu wa mwisho kufika 0,400 ni Williams, 1941. Mwaka wa 1943, miaka miwili baadaye, Josh Gibson wa Homestead Grays alifika 0,466.

Gibson alizaliwa Georgia mwaka wa 1911, akakulia Pittsburgh. Ligi kubwa hazikuwapokea Weusi, kwa hiyo alicheza katika ligi za Weusi, ambazo misimu yake ilikuwa mifupi, safari ndefu, na pesa kidogo. Alikufa tarehe 20 Januari 1947, na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka uleule, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn, na ukuta ukaanza kubomoka. Miezi mitatu hata haikutimia. Na timu iliyokuwa ya mwisho kabisa kati ya timu zote kumpokea mchezaji mweusi ilikuwa Boston Red Sox, timu ya Williams mwenyewe. Ilikuwa 1959.

Williams aliliona hilo. Mwaka wa 1966, alipoingizwa katika nyumba ya heshima ya besiboli kule Cooperstown, alitumia sehemu ya hotuba yake kusema kwamba anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson watawekwa pale, sababu wamekosekana kwa kunyimwa nafasi tu. Paige aliingizwa 1971, Gibson 1972. Na Mei 2024 ligi kuu ya Marekani iliingiza hesabu za ligi za Weusi katika vitabu vyake. Wastani wa maisha ya Gibson, 0,372, ukapita ule wa Ty Cobb, 0,367, uliokuwa wa kwanza kwa karibu miaka mia.

Hizo namba zilitoka wapi? Watafiti walizikusanya kwa miaka mingi, mchezo kwa mchezo, katika magazeti ya Weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender. Ni kusema, miaka ile ya 1930 na 1940, kulikuwa na mwandishi mmoja aliyekaa jua likimpiga, katika uwanja ambao wakubwa waliudharau, akaandika: Gibson, zamu 4, mipigo 2. Kesho yake tena. Bila yule mtu asiye na jina kubwa, 2024 wangekuta nini cha kuingiza?

Na sisi?

Kati ya wasomaji wa ukurasa huu kuna mwenzetu ambaye ameisha kudepoze dosie mara ishirini, thelathini. Ameanza kujiita shomeri hata mbele ya wadogo zake, na anahesabu kila "hapana" kama pigo moja juu ya akili yake. Kwake nina mambo mawili, na yanaenda pamoja.

La kwanza: gawa dirisha lako vipande. "Nimeshindwa mara thelathini" ni wastani tu, kama kilo 800 za yule mkulima. Ni wapi walikuita kwenye interview na wapi hawakujibu hata neno? Ni ofre gani uliyoifuata juu ilifanana tu na kazi yako? Kona yako ya 0,230 iko wapi: ni Kiingereza, ni ripoti, ni kuzungumza mbele ya watu? Iandike bila haya, Williams aliandika yake kwenye kitabu dunia nzima ikasoma.

La pili: kuna nafasi zenye zilikuwa na mwenyewe kabla tangazo halijabandikwa. Pale hukupigiwa mpira. Kwa ile kanuni niliyowaomba muishike, zamu ambayo hukupewa mpira wa kupiga haiingii katika wastani. Usiiandike kwenye upande wa uwezo wako. Lakini iandike mahali, na tarehe, kama Aaron alivyotunza barua.

Tena kuna kazi ya pamoja. Katika makabati ya vitivo vyetu vya agronomi kuna TFC na memware kwa mamia, zenye majaribio ya muhogo, ya mahindi, ya mbolea ya majani, zilizofanywa na wanafunzi waliolipa mbegu kwa pesa ya minerval. Ziliandikwa, zikatetewa, zikafungiwa, panya wanazisoma. Hayo ni magazeti yetu ya Pittsburgh. Nimeanza kukusanya hesabu za mavuno za promosyo yangu, kipande kwa kipande, na vile vilivyozaa na vile vilivyokufa. Mwenye TFC yake nyumbani, hata kama alipata 11 kwa 20, apige picha ukurasa wa matokeo anitumie. Na vipande vibaya vilevile, tafadhali. Msifiche kona ya chini.